Soksi za Mikononi

Januari, mjini Leh. Bomba limeganda tangu Jumatatu
na hewa inanyonya kila chenye maji:
matambara kambani, tofaa la juzi kapuni,
midomo ya binti yetu Jigmet,
mikono ya Kunzes.

Hasa mikono ya Kunzes.
Imepauka, vifundo vimekuwa kama chaki,
na kwenye kiungo cha kidole gumba kuna mpasuko
mwembamba, mwekundu,
kama mdomo unaotaka kusema jambo.

Kazi yake ni kuchambua manyoya ya mbuzi wa Changthang,
yale ya ndani, yanayokaa karibu na ngozi,
mepesi kuliko pumzi.
Sufu hiyo ina kiburi.
Ikikutana na kidole chenye magamba hunasa,
hukatika,
na mwenye karakana, Norphel, huhesabu.
Akipaka mafuta mchana, sufu inaingia doa.
Asipopaka, inakatika.
Basi mikono ya mke wangu hutunzwa usiku.

Ukiuliza nimeyajuaje haya,
mimi dereva wa lori, mtu wa grisi na spana:
theluji imefunga njia ya mlimani
nami nimefungwa nyumbani, wiki ya tatu sasa.

Kwanza maji. Vuguvugu.
Ya moto, anasema, ni mwizi mwenye tabasamu.
Nayeyusha barafu juu ya jiko la chuma,
anazamisha mikono, anahesabu kimoyomoyo hadi mia mbili,
anaikausha kwa kuigusagusa, haisugui,
na ikingali na unyevu: "Chupa! Haraka!"

Chupa imetoka kwa shangazi yake wa Skurbuchan,
mafuta ya kokwa za aprikoti,
yananukia lozi iliyoungua kidogo.
Nilidhani mafuta ndiyo yanayoleta maji.
Alinicheka.
"Mafuta hayaleti kitu. Maji ndiye mgeni.
Mafuta ni kufunga mlango
asiondoke kabla hajala."

Kisha soksi kuukuu za pamba,
moja yangu, moja ya Jigmet,
nami nazifunga kwa uzi penye viwiko vya mikono.

Sasa hana vidole hadi alfajiri.
Vidole ni mimi.
Namnywesha chai ya siagi, namwagia kidevu.
Namfungua vifungo. Namkuna pua:
"Si hapo. Juu. Juu zaidi, mbona huna shabaha?"
Namfunulia daftari la Jigmet, analikagua kwa macho,
ananiamuru niweke alama nyekundu
kwenye hesabu ambazo mimi mwenyewe sizijui.

Usiku wa kwanza nilinuna.
Miaka kumi na minne ya ndoa
na sikuwahi kumsuka nywele.
Mafungu matatu, la kushoto lina ukaidi.
Nyuma ya sikio ana kovu dogo,
kama punje ya shayiri.
Nimeuliza. Amesema, "Lilikuwepo siku zote."

Jumapili, siku isiyo na sufu,
mpasuko wa kidole gumba ulikuwa umefumba mdomo.
Aliitazama miguu yangu kando ya jiko.
"Magaga hayo yanachana shuka," alisema.
"Mtu anaweza kuficha sarafu humo."
Nikajibu kwamba ngozi ya dereva ni ngozi ya dereva,
na kwamba baba yangu alizikwa na yake vilevile.

Hakubishana. Aliweka karai sakafuni,
akaketi chini, akakishika kisigino changu
kama mtu anayepima uzito wa jiwe sokoni.
Vidole vyake vikapita juu ya nyufa bila kukwama,
kisha vikarudi, polepole,
pale penye ufa mkubwa kuliko yote.

Maji nilikuwa nimeyapasha mimi.
Aliyajaribu kwa kiwiko, akaguna,
akatupia kipande cha barafu.
"Mwizi huyu," akasema,
na mpaka leo sina hakika
alikuwa anamsema nani.